Breki kwanza, rangi baadaye: Pikapu kuukuu ni kazi, si pambo

Wewe unayesoma hii huku simu yako imefungua ukurasa mwingine wa magari ya kuuzwa, wacha nikukatize kidogo. Najua unachotafuta. Umechoka na vibarua vya kulipwa "wiki ijayo", umeweka akiba kwa chama ama Sacco, na kuna pikapu fulani ya zamani, Hilux ama Datsun ama Isuzu, namba yake inaanza na KA, ambayo mwenyewe anasema "inataka vitu vidogo tu". Kichwani umeshaipaka rangi mpya. Umeivisha rimu. Spika ziko ndani na jina lako liko nyuma kwa herufi za kuinama.

Mimi niko upande wako. Wazee watakuambia gari kuukuu ni shimo la pesa. Mabeshte watakuambia heri uchukue kagari kadogo kwa mkopo ufanye teksi ya simu. Mimi nasema pikapu kuukuu ni mojawapo ya vitu vichache ambavyo kijana wa mjini, asiye na digrii wala mjomba serikalini, anaweza kununua leo na vikamlisha mwezi ujao.

Lakini kuna sharti moja, na hilo ndilo nataka tuelewane leo. Pesa yako ya kutengeneza gari iende kwanza pale ambapo haionekani. Breki kabla ya rangi. Usukani kabla ya rimu. Radieta kabla ya redio. Ukigeuza mpangilio huo, hujanunua kazi. Umenunua pambo, na pambo la tani moja likishindwa kusimama linaua watu.

Kwa nini kuukuu?

Sheria zetu haziruhusu kuingiza nchini gari lililotumika ambalo limepitisha miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Maana yake ni kwamba pikapu iliyoshuka bandarini Mombasa juzi bado ni changa, na bei yake, ikiongezwa ushuru, si ya hasla. Zile ambazo wewe na mimi tunaweza kuzifikia ni zile ambazo zimekuwa humu nchini miaka yote. Zimebeba maziwa, zimebeba miraa, zimebeba mahindi, zimeuzwa na kuuzwa tena, hadi zikaishia nyuma ya nyumba ya mtu anayetaka nafasi yake ya kuanikia nguo.

Usizidharau. Nyingi ziliunganishwa hapa hapa Kenya, Mombasa na Thika na Nairobi, zikijulikana zinaenda barabara gani. Ile kampuni ambayo tangu 2017 tunaiita Isuzu East Africa, na kabla ya hapo ilikuwa General Motors East Africa, imekuwa ikiunganisha magari ya mizigo Nairobi tangu wazazi wetu wakiwa shule. Peugeot 504, ambayo babu yako bado anaiita "Pijo", ilishinda Safari Rally mwaka wa 1975, enzi ambapo mashindano hayo yalikuwa ya kuvunja magari kabisa.

Uzuri mwingine ni kwamba magari haya hayana siri. Hakuna kompyuta inayokataa kuwasha kwa sababu waya mmoja umelowa. Kuna karbureta ama pampu ya dizeli, kuna klachi, kuna giaboksi, na nyuma kuna springi za vyuma vilivyopangwa kama sahani. Fundi mzuri husikiliza tu na kukuambia shida iko wapi. Spea ziko Kirinyaga Road, ile ambayo mtaani bado inaitwa Grogan, na zikikosekana mpya kuna za mtumba.

Na kazi iko, usidanganywe. Kila mwisho wa mwezi Nairobi inahama. Mtu anatoka Kayole anaenda Ruiru, anatoka Umoja anaenda Rongai, na vitu vyake ni kitanda, godoro, meko, mtungi wa gesi, sofa ya viti vitatu na televisheni anayotaka kuipakata mwenyewe. Lori ni kubwa mno kwake na mkokoteni hauvuki Thika Road. Hapo ndipo wewe unaingia. Ongeza mama mboga watatu wanaonunua pamoja Wakulima Market kabla ya jua kuchomoza. Ongeza marobota ya mitumba kutoka Gikomba, saruji ya mjengo, matenki ya maji, viti na hema za harusi na za matanga. Kwa teksi ya simu bei unapangiwa. Kwa pikapu, bei mnapatana wewe na mteja, mkiangaliana usoni.

Rangi inapigwa picha

Sasa kwa nini vijana wengi huanza na rangi? Si ati kwa sababu ni wajinga. Rangi inapigwa picha, breki haipigwi. Ukiweka mtandaoni picha ya kabla na baada, bodi iliyokuwa na kutu sasa inang'aa kama sufuria mpya, watu watakupongeza hadi usiku. Weka picha ya masta silinda mpya uone nani atakusalimia.

Kuna sababu nyingine ambayo hatupendi kuisema. Umeishi miaka kadhaa ukiulizwa unafanya nini siku hizi. Kama uliacha chuo, kama mimi, swali hilo unalijua uchungu wake. Pikapu inayong'aa inajibu kabla hujafungua mdomo. Mama akiuliza ile akiba ya miaka miwili ilienda wapi, ni rahisi kumwonyesha rangi kuliko kumwonyesha mpira wa breki. Naelewa kabisa. Lakini mama hatafurahia rangi hiyo akiiona kwa habari za saa moja, imekunjamana chini ya trela.

Wengine watasema rangi huleta wateja. Kuna ukweli kidogo hapo. Hakuna anayetaka kupakia godoro lake jipya kwa gari lenye matope na mafuta. Lakini hiyo ni kazi ya maji, sabuni na turubai safi, si ya kibanda cha rangi. Mama mboga ambaye sukuma wiki zake zilinyauka Outering Road kwa saa tatu ukingoja maji ya radieta yapoe, hatarudi hata ukipaka gari dhahabu. Yule ambaye ulimfikisha sokoni saa kumi na moja kamili, siku 30 mfululizo, hatakuuliza mlango wako ni wa rangi gani.

Mimi na binamu yangu tuna Hilux ya karbureta. Ilipofika kwetu ilikuwa nyeupe, mlango mmoja buluu, boneti ya kijivu. Watoto wa ploti waliibatiza Punda Milia. Tukaiwekea breki, tairi na taa, tukaiacha na rangi zake tatu. Hadi leo mlango ni buluu. Wateja huipenda hiyo, maana kwa simu tunawaambia tu, "Angalia ile ya mlango wa buluu," na wanatuona kutoka mbali.

Kabla hujalipa hata shilingi

Mpangilio wa breki kabla ya rangi huanza siku ya kununua. Usiangalie rangi ya muuzaji pia. Gari lililopakwa rangi wiki iliyopita ili liuzwe linakuficha kitu. Beba sumaku ndogo mfukoni. Ipitishe juu ya bodi, hasa chini ya milango na juu ya tairi. Mahali inapokataa kushika si bati hilo, ni fila iliyoziba shimo la kutu.

Karatasi kwanza. Fanya upekuzi wa gari kupitia mfumo wa NTSA kwenye eCitizen. Jina linalotokea liwe la mtu aliye mbele yako, na kitambulisho chake kilingane. Kama kwenye logibuku kuna jina la mkopeshaji pia, deni halijaisha, na gari hilo linaweza kuja kuchukuliwa kwako usiku. Linganisha namba ya chasisi na ya injini, kwa macho yako, kwenye chuma chenyewe. Namba iliyokwaruzwa ama kuchomelewa ni ya kukimbia, hata bei iwe tamu vipi. Na usikubali hadithi ya "tutabadilisha jina baadaye". Sheria ya Trafiki inataka umiliki uhamishwe ndani ya siku 14. Baadaye ni mtu amehamia Qatar na simu haiingii.

Nenda asubuhi, na mwambie muuzaji asiwashe injini kabla hujafika. Injini baridi haijui kudanganya. Iwashe na uangalie moshi. Wa buluu, inachoma oili. Mweupe mzito usioisha, maji yanaingia kwenye silinda. Mweusi, inakula mafuta kuliko inavyohitaji. Chomoa kijiti cha oili. Kama oili inafanana na chai ya maziwa, gasketi ya silinda hedi imeenda, na huo ni mfuko mwingine wa pesa.

Kisha ingia chini. Ndiyo, lala chini, vumbi litatoka. Pikapu imekaa juu ya chasisi ya vyuma viwili virefu, na hiyo ndiyo gari. Vingine vyote hubadilishwa. Angalia pale springi za nyuma zinaposhikilia na chini ya sanduku la mizigo, maana matope hukaa huko miaka. Gonga kwa spana. Chuma kizima hulia, kilichooza husema "puf". Kama gari limeishi Pwani, gonga mara mbili zaidi, hewa ya chumvi haina huruma. Chasisi iliyokatika ikachomelewa, mshukuru muuzaji kwa chai na uende zako.

Na uende na fundi wako. Si fundi ambaye muuzaji "anamjua hapo karibu".

Mpangilio wenyewe

Gari limefika. Pesa imebaki. Sasa ndipo ushetani wa rangi utakuja. Fuata orodha hii hadi mwisho kabla hujaukaribisha.

La kwanza ni kusimama. Mwaga oili yote ya breki uweke mpya. Oili ya breki hunyonya unyevu kutoka hewani. Ikikaa miaka, maji yaliyomo huchemka breki zikipata moto, yanageuka mapovu, na pedali inazama hadi sakafuni. Jambo hilo halitokei ukiwa mtaani unazunguka mtupu. Linatokea ukiwa na mzigo, unashuka ule mteremko wa kuelekea Mai Mahiu, na mbele yako kuna matatu imejaa. Badilisha mipira ya breki iliyopasuka. Fungua madramu ya nyuma uone viatu vya breki kama vimebaki na nyama ama vimefika chuma. Kisha fanya jaribio hili ambalo halina gharama: injini ikiwaka, kanyaga breki na uishikilie nusu dakika. Kama pedali inashuka polepole chini ya mguu wako, masta silinda inavuja kwa ndani. Mwisho jaribu breki ya mkono kwenye kilima, si uwanjani.

La pili ni kugeuka. Inua tairi la mbele kwa jeki. Lishike juu na chini ulitikise. Likicheza, beringi ama boljointi imechoka. Lishike kushoto na kulia. Likicheza, ni vyuma vya usukani. Tairi zenyewe, usiangalie meno tu. Pembeni kuna tarakimu nne. Ikiandikwa 2319, tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka wa 2019. Tairi lenye meno mazuri lililotengenezwa ukiwa darasa la sita ni mpira mkavu unaongoja jua la Mlolongo lipasue.

La tatu ni kuona na kuonekana. Taa zote, waipa, vioo, na viakisi vya nyuma. Utaamka saa tisa kwenda sokoni. Giza hilo lina trela, lina boda boda isiyo na taa, na lina watu wanaotembea kwenda kazini.

La nne ni joto. Safisha radieta, badilisha mipira yake, na uangalie kama kuna themostati. Kuna mafundi ambao huitoa wakidhani wanasaidia gari lisichemke. Bila hiyo, injini hukaa baridi mno na hula mafuta zaidi. Kama gari lilichemka, tafuta sababu. Kutoa kifaa si kutibu.

La tano ni moyo wenyewe: oili, chujio, plagi, mkanda wa feni. Na kama injini yako inatumia mkanda wa taimingi na muuzaji hakumbuki ulibadilishwa lini, ubadilishe hata kama unaonekana mzima. Kwa injini nyingi za dizeli, mkanda huo ukikatika vali hugongana na pistoni, na hapo utauza gari kwa kilo.

La sita ni kutu: sakafu, sanduku la mizigo, kulabu za kufungia kamba. Kata bati bovu, chomelea jipya, paka dawa ya kutu.

Rangi ni ya saba. Na hata rangi ina karatasi. Rangi ya gari imeandikwa kwenye logibuku, na ukiibadilisha lazima uwaarifu NTSA warekebishe. Wengi huipaka nyeusi isiyong'aa kwa sababu inapendeza, halafu wanabishana na karao barabarani wakiwa na logibuku inayosema gari ni jeupe.

Usimpelekee fundi gari, mpelekee na macho

Gereji za jua kali zina mafundi hodari kuliko watu wanavyowapa heshima. Zina pia wale watakaokuambia "kuja jioni" kwa wiki mbili. Dawa ni moja. Kaa hapo. Chukua kiti cha krete, vaa nguo chafu, shika tochi, uliza. Fundi akikwambia kitu kimekufa, mwambie kwa heshima, "Fundi, nionyeshe kilipokufia." Nunua spea mwenyewe, na kile cha zamani akurudishie mkononi. Hujamkosea. Fundi anayejua kazi yake hufurahia mtu anayeuliza, na yule anayekasirika amekujibu swali lingine.

Dada, hili ni lako pia, tena zaidi. Utakutana na mtu gereji atakayemjibu kaka yako swali ulilouliza wewe. Jua majina ya vitu kabla hujafika, na bei utakayotajiwa itashuka yenyewe.

Ukikaa hivyo miezi mitatu, utakuwa umejifunza kitu ambacho watu hulipia karo. Sisemi uache chuo. Kama uko ndani na karo ipo, maliza. Ninasema kwa wale ambao tayari tuko nje: ujuzi wa mikono nao una cheti. NITA hutoa mitihani ya ufundi, unaanza Gredi ya Tatu unapanda hadi ya Kwanza, na kinachopimwa hapo ni kama unaweza kuifanya kazi. Pikapu yako inaweza kuwa gari na darasa kwa wakati mmoja.

Hesabu isiyo na aibu

Wanaosema gari kuukuu hula pesa hawadanganyi. Litakula. Swali ni kama umelipangia chakula.

Tuseme una Sh400,000 mkononi. Basi wewe si mtu wa pikapu ya Sh400,000. Wewe ni mtu wa pikapu ya Sh260,000. Sh100,000 ni za ile orodha hapo juu, na Sh40,000 ni za karatasi na bima. Hii ni mifano tu, soko lina bei zake, lakini kanuni ni hiyo: theluthi moja ya pesa zako isiguse mkono wa muuzaji. Anayenunua gari kwa senti ya mwisho huishia kukopa kwa simu ili anunue tairi, na deni la simu halingoji mwisho wa mwezi.

Kwenye bima, sema ukweli. Bima ya kulinda watu wengine barabarani ni lazima kisheria, hiyo unajua. Lakini ukichukua ya gari la nyumbani halafu ukabeba mizigo ya watu kwa malipo, siku ya ajali kampuni itauliza ulikuwa unafanya nini. Kuna bima ya kubeba mali yako mwenyewe na kuna ya kubeba mali ya wateja. Chukua inayolingana na kazi yako. Gari la biashara pia hukaguliwa kila mwaka, na KRA inataka ushuru wa mapema, ambao tangu Sheria ya Fedha ya 2023 ni Sh2,500 kwa kila tani ama Sh5,000 kwa mwaka, kinachotozwa kikiwa kile kikubwa. Uweke kwenye hesabu kabla haujakushtua. Na akitokea mtu wa kukuuzia stika ya ukaguzi bila gari kukaguliwa, kumbuka yeye hatakuwa ndani mkishuka mlima.

Halafu kila safari iandikwe. Mteja wa kuhama amelipa Sh3,000. Petroli Sh900, vijana wawili wa kubeba Sh800. Imebaki Sh1,300. Toa Sh400 uziweke kando, kwa laini ya M-Pesa ambayo huitumii kununua chipsi. Hizo si zako, ni za gari. Sh900 ndizo zako. Ukifanya safari 20, gari lina Sh8,000 zake na halikuombi mkopo likitaka viatu vya breki.

Na kama huna wateja, usinunue bado. Kodisha pikapu ya mtu pamoja na dereva wake wikendi tatu za mwisho wa mwezi, tafuta kazi kwa simu yako mwenyewe, uone kama utajaza siku. Ukishindwa kujaza siku tatu kwa gari la kukodi, la kwako litakaa kwa ploti likipata kutu, na rangi yake mpya.

Si wewe peke yako

Najua kuna anayesema, "Ni gari langu, pesa zangu, nianze na ninachotaka." Ingekuwa shati, ningekubali. Lakini fikiria ni nani aliye nyuma ukiendesha. Kuna yule kijana wa kubeba, amekaa juu ya sofa la mteja akishikilia kabati lisianguke, na hapaswi hata kuwa hapo. Ana umri wako. Umempa Sh400 na amekuamini na mifupa yake. Mbele kuna mama wa watu na risiti ya nyanya alizonunua kwa mkopo. Kwenye makutano kuna watoto wa shule. Hakuna hata mmoja wao aliyeulizwa kama anataka rimu ama breki. Umewachagulia.

Tunalalamika, na ni haki yetu, kwamba nchi hii hujenga vitu vya kuonekana na kusahau vya kufanya kazi. Tunacheka kiongozi anayepaka rangi ukuta wa zahanati isiyo na dawa. Basi tusifanye vivyo hivyo na kitu cha kwanza tunachomiliki.

Kwa hivyo Jumamosi hii, kabla hujampigia broka, fanya mambo mawili. Andika majina kumi ya watu ambao wangekulipa uwabebee kitu mwezi huu, na namba zao. Kisha tembea hadi gereji iliyo karibu nawe, mnunulie fundi soda, umwombe akufungulie dramu la breki la gari lolote lililo hapo, uone kilicho ndani. Ukirudi nyumbani bado unaitaka pikapu, inunue kwa amani.

Na siku utakayofika namba saba na kuipaka rangi, nitumie picha. Lakini nitaomba na ya breki.